Daraja la Mara ya Nne

Maji peke yake hayakuliangusha daraja lile. Mto Taff, unaoshuka kutoka milima ya Brecon Beacons kusini mwa Wales mpaka baharini Cardiff, ulikuja umebeba miti iliyong'oka na mizizi yake, majani makavu na mabua yaliyozolewa mashambani. Takataka hizo zote zikafika darajani, zikanasa kwenye nguzo za katikati, gogo likalalia gogo mpaka matao yakaziba. Hapo lile halikuwa daraja tena, lilikuwa bwawa. Maji yakapanda nyuma yake, yakasukuma kwa uzito wote, nguzo zikang'oka. Kazi ya mawe iliyokuwa imesimama miaka miwili na nusu hivi ikaenda na mto.

Aliyelijenga aliitwa William Edwards. Alizaliwa mwaka 1719 katika parokia ya Eglwysilan, mtoto wa mkulima, na baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mwaka 1746, akiwa na miaka 27, alipewa kazi na wilaya tatu za Miskin, Senghenydd na Caerphilly ajenge daraja la barabara juu ya Taff kwa pauni 500. Mkataba ulikuwa na sharti zito: daraja lisimame miaka saba, na likianguka kabla ya hapo, mjenzi alirudishe kwa gharama yake. Kwa hiyo siku mto ulipolichukua daraja, Edwards hakupoteza kazi tu. Alibaki na deni la daraja zima.

Hakuwa mhandisi, wala hakusomea ujenzi mahali popote. Alikuwa mkulima, na tangu mwaka 1745 alikuwa pia mchungaji wa kanisa dogo la Groeswen, akihubiri kwa Kiwelshi. Uashi ulimjia shambani. Katika vilima vile mipaka ya mashamba ni kuta za mawe matupu, bila chokaa wala udongo, zinazosimama kwa jinsi mawe yenyewe yalivyolaliana. Kondoo huziruka, baridi huzilegeza, na kila mwaka mtu lazima azirudishie. Kijana Edwards alizirudishia vizuri na upesi kiasi kwamba majirani wakaanza kumwita kwao.

Kuna kisa kimoja cha ujana wake kinachoeleza mengi. Waashi wenye ujuzi walikuja kujenga karibu na kwao, naye akawa anakwenda kuwatazama. Akaona nyundo zao zinalikata jiwe safi, ilhali ya kwake inaliponda tu na kulimomonyoa. Hakurudi nyumbani akisema wale wana mikono ya bahati. Alizichunguza zile nyundo, akagundua kwamba ncha zake zimetiwa chuma cha pua. Akaenda kwa mhunzi akatengenezewa ya namna hiyo hiyo, na tangu hapo kuta zake zikawa na nyuso zilizonyooka. Darasa lake jingine lilikuwa Ngome ya Caerphilly, boma kubwa la karne ya 13 lililokuwa magofu tayari, lenye mnara ulioinama kuliko ule wa Pisa. Edwards alizunguka humo akiangalia jinsi mafundi wa kale walivyochonga na kuunganisha mawe. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba ujuzi wake mwingi aliupata kwenye magofu hayo.

Basi mtu wa namna hii alipoangukiwa na daraja alifanya kile alichofanya na nyundo. Alitafuta sababu.

Sababu ya kwanza ilikuwa wazi: nguzo. Zisingekuwepo nguzo katikati ya mto, magogo yasingepata pa kunasa. Dawa ikawa ni kuuvuka mto wote kwa tao moja, kutoka ukingo huu hadi ule, pasipo kitu chochote majini. Kusema ni rahisi. Upana uliotakiwa ulikuwa futi 140, yaani zaidi ya mita 42. Chukua uwanja wa mpira wa kikapu, uongeze nusu yake, ndio urefu huo. Daraja mashuhuri la Rialto kule Venice, lililokamilika mwaka 1591, lina tao la mita 28 hivi. Ni kweli kwamba Ulaya ilikwisha kuona matao mapana zaidi, likiwemo la Trezzo kaskazini mwa Italia, mita 72, lililobomolewa vitani mwaka 1416. Lakini hapakuwa na tao la mawe nchini Uingereza lililofikia lile alilolikusudia mchungaji wa Groeswen.

Ujenzi wa tao una hatari moja ambayo asiyeijua kazi huenda asiione. Tao likikamilika hujibeba lenyewe: kila jiwe limechongwa kama kabari, pana juu na jembamba chini, na kila moja linataka kuanguka lakini linabanwa na wenzake wa kushoto na kulia. Kadiri uzito unavyoshuka, ndivyo yanavyozidi kubanana. Lakini hayo yote huanza siku jiwe la mwisho la kileleni linapotiwa mahali pake. Kabla ya siku hiyo tao halina nguvu yoyote. Ni mawe tu yaliyolazwa juu ya kiunzi cha mbao kilichopinda kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa, nacho kiunzi kimesimama mtoni.

Mto ukaja tena. Safari hii haukuwa na nguzo za mawe za kukamata, ukakamata mbao. Kiunzi kikaenda, na mawe yaliyokuwa yamelala juu yake yakaporomoka majini kabla tao halijafungwa.

Edwards akaanza mara ya tatu. Akasimika kiunzi kipya, akapanga mawe, akalifunga tao. Kiunzi kikaondolewa, tao likasimama lenyewe juu ya mto mtupu. Hebu fikiria furaha ya siku ile: deni la miaka mingi linakaribia kulipwa, na upinde ule mwembamba umetulia hewani kama mwezi mchanga. Kilichobaki ni kujaza mawe na kifusi pande mbili, pale kwenye mabega ya tao, ili barabara ipate kupanda na kushuka. Wakajaza. Halikukaa. Mabega yakalemewa, na kilele cha daraja, pale katikati palipokuwa pembamba na pepesi, kikasukumwa juu kikafumuka. Daraja la tatu likaanguka mtoni bila gharika, bila gogo, bila hila ya mto. Lilijiangusha lenyewe.

Hapa msikilizaji achukue mkufu, au mnyororo wowote mwembamba, aushike ncha zake kwa mikono miwili na kuuacha uning'inie katikati. Umbo lile la kubonyea ambalo mkufu unalipata ndilo umbo la tao bora, likigeuzwa juu chini. Jambo hili liliandikwa na mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke mwaka 1675, tena kwa fumbo la herufi za Kilatini lililofumbuliwa baada ya kifo chake. Sasa msikilizaji auchukue mkufu huo huo na kuutundikia vizito viwili, kimoja upande huu na kingine upande ule, karibu na mikono. Pembeni patashuka, na katikati patapanda. Mkufu umebadili umbo kwa sababu mzigo umebadilika. Nalo tao la mawe, ukilipa mzigo mkubwa mabegani, linataka umbo jingine. Tofauti ni kwamba mkufu unapinda ukatulia, na jiwe halipindi. Tao la tatu la Edwards lilikuwa na umbo la mzigo mmoja likabebeshwa mzigo mwingine, na penye udhaifu zaidi, kileleni, ndipo lilipoachia.

Wengi wangefikia uamuzi mmoja: kilele ni chepesi, basi kiongezwe mawe, daraja lote liwe zito zaidi. Edwards alikwenda upande mwingine. Aliacha kilele kilivyo, akapunguza mabega. Alipojenga mara ya nne alitoboa kila bega matundu matatu ya mviringo, yanayopita kutoka uso mmoja wa daraja hadi wa pili kama mapipa makubwa yaliyolazwa ukutani. La kwanza, karibu na ukingo, lina kipenyo cha takriban futi 9, la pili futi 6, la tatu futi 3. Yanapungua kadiri yanavyopanda kuelekea kileleni, kwa sababu bega lenyewe linapungua. Uzito uliokuwa ukilisukuma tao ukaondolewa, pakabaki hewa. Matundu yenyewe ni matao madogo yaliyozungushwa mpaka yakajifunga, kwa hiyo hayakuliacha daraja na majeraha. Yalibeba barabara iliyo juu yake bila kulielemea tao lililo chini.

Daraja hilo la nne lilikamilika mwaka 1756. Tao lake ni kipande cha duara lenye kipenyo cha futi 175, limeuvuka mto kwa futi 140 na kuinuka futi 35 kutoka kwenye miguu yake. Kwa takriban miaka 40 lilikuwa tao moja la mawe lenye upana mkubwa kuliko yote nchini Uingereza. Bado limesimama.

Mbali sana na Wales, katika jimbo la Hebei nchini China, kuna daraja la Zhaozhou, lililojengwa na fundi Li Chun na kukamilika mnamo mwaka 605. Tao lake ni la mita 37, na kwenye mabega yake Li Chun aliacha matao madogo manne, mawili kila upande, ili kupunguza uzito na kuyapitisha maji ya gharika. Nalo limesimama hadi leo. Zaidi ya miaka 1,100 inawatenganisha mafundi hao wawili, pamoja na nusu ya dunia, na mkulima wa Eglwysilan aliyesomea uashi wake katika kuta za kondoo alifika mahali pale pale. Sheria za uzito ni zile zile kila mahali, na anayezifuata kwa uaminifu huishia mlango mmoja.

Fedha zilikuwa zimekwisha zamani. Madaraja manne kwa malipo ya moja hayalipiki, na gharama zilizidi mno zile pauni 500 za mkataba. Matajiri wenye mashamba wa eneo lile walimchangia, vinginevyo huenda daraja la nne lisingejengwa. Hilo nalo linastahili kukumbukwa linapotajwa jina la Edwards: watu waliomwona ameshindwa mara tatu waliona bado anafaa kupewa ya nne. Naye mwenyewe, inasimuliwa kwamba sadaka alizopewa na waumini wake kama mchungaji alizipokea zote, kisha akazigawa kwa maskini akiongeza na zake.

Lakini ukweli usemwe wote. Daraja hili lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo watu waliihisi miguuni kila siku. Ni mwinuko. Tao linalopanda futi 35 huipandisha na barabara, na mwendesha mkokoteni aliyefika pale na mzigo alikuwa na kazi kwelikweli. Farasi alihangaika kupanda, na kushuka kulikuwa kubaya zaidi, kwani mzigo ungeweza kumsukuma mnyama kwa nyuma na kumponda. Ikabidi mikokoteni ifungwe minyororo na kuburuzishwa kizuizi nyuma ili ishuke taratibu. Wachoraji walilipenda. Richard Wilson alilichora, J. M. W. Turner alilichora, na wasafiri walitoka mbali kuja kulitazama. Mwenye mkokoteni wa mizigo hakuja kutazama, alitaka kuvuka. Mwaka 1857 likajengwa daraja jingine ubavuni kabisa mwa lile la zamani, Daraja la Victoria, lenye matao matatu na barabara iliyo tambarare. Si zuri, na limeziba upande mmoja wa mandhari ya kazi ya Edwards, lakini lilifanya kile ambacho barabara inatakiwa kufanya. Tangu hapo daraja la zamani likamwachia jirani yake magari na farasi, likabaki la waenda kwa miguu.

Edwards mwenyewe aliijua kasoro hiyo mapema kuliko wakosoaji. Alipokwisha kuelewa kwamba matundu yanaweza kupunguza mzigo, na kwamba kingo zikiwa imara tao halina haja ya kuinuka sana, madaraja yake yaliyofuata aliyalaza zaidi. Alijenga mengine katika Wales ya kusini, likiwemo lile la Dolauhirion juu ya mto Tywi, karibu na mji wa Llandovery, mwaka 1773. Hilo lina tundu moja tu kila bega, na limeshuka chini vizuri zaidi. Anayetaka kuona urembo ataenda kulitazama lile la mto Taff. Anayetaka kuona fundi aliyekomaa aende Dolauhirion. Watoto wake wa kiume nao walishika kazi ya baba yao, wakawa wajenzi wa madaraja. Yeye alifariki mwaka 1789, akiwa bado mchungaji wa Groeswen na bado mkulima.

Mahali pale penye daraja la mwaka 1756 palibadilika kupita kiasi. Zamani pale palikuwa na kivuko na nyumba, na wenyeji walipaita Pont-y-tŷ-pridd, yaani daraja la penye nyumba ya udongo. Daraja la mawe lilipokamilika, Waingereza wakapaita Newbridge, Daraja Jipya. Kisha makaa ya mawe yakagunduliwa katika mabonde ya juu, mfereji wa mashua ukachimbwa, reli ikaja, na pale mto Rhondda unapoingia Taff ukakua mji. Barua zikawa zinapotea kwa kuwa Wales ina Newbridge nyingine, na katikati ya karne ya 19 jina la nyumba ya udongo likarudi, limefupishwa kuwa Pontypridd. Ni katika mji huo huo, mwaka 1856, miaka 100 kamili baada ya tao la nne kufungwa, Evan James na mwanawe James James walipotunga wimbo ambao Wales yote huuimba leo kama wimbo wa taifa.

Februari 2020 dhoruba iliyopewa jina la Dennis ilishusha mvua kubwa juu ya Wales. Taff ulifurika Pontypridd kwa kiwango ambacho watu wazima wa mji hawakuwahi kukiona. Maduka yaliingiwa na maji, bustani kubwa ya mji ikawa ziwa, na watu walikaa miezi mingi wakisafisha tope. Maji yakapita chini ya daraja la mwaka 1756 yakiwa rangi ya udongo, yamebeba magogo yake kama kawaida. Hayakupata nguzo ya kukamata.

Kazi hii ya mawe haikuishia huko Ulaya wala kale. Nchini Tanzania, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, umekuwa ukijenga madaraja ya upinde wa mawe kwenye barabara za vijijini, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa iliyoonja faida zake. Mawe hupatikana jirani, waashi ni wa pale pale, hakuna nondo za kununua mjini, na gharama hushuka sana ukilinganisha na daraja la zege. Ukipita yanapojengwa utaona kitu ambacho Edwards angekitambua mara moja: kiunzi cha mbao kilichopinda, kimesimama mtoni, na mafundi wanapanga mawe kutoka pande mbili wakikutana juu. Kwa sehemu kubwa ni matao mafupi, mengine yamepangwa mawili matatu kwa nguzo katikati, na penye mto wa kawaida hiyo ndiyo njia ya busara. Hakuna sababu ya kijiji kuvuka kijito kwa tao la mita 42.

Lakini nguzo zikiwepo, magogo yana pa kunasa, kama yalivyonasa kwenye daraja la kwanza la Edwards. Kwa hiyo, msikilizaji, kama njia ya kwenda shambani kwako au shuleni kwa watoto wako inapita juu ya daraja la matao ya mawe, au hata kalavati la kawaida, teremka ulitazame kabla ya masika. Yakiwepo matawi, mabua na takataka zilizojikusanya kwenye nguzo, waite majirani myaondoe, na kama yamewazidi nguvu, mwambieni mwenyekiti wa kijiji awaite wanaohusika na barabara mvua za kwanza hazijashuka.